Jino la Arobaini na Nane

Waliniambia: gari zima, mbovu ni dereva.
Wakaileta pikapu ya ushirika wa asali
hapa Isevya, kabla sijamaliza uji,
shavu la mbele limebonyea kwa nguzo ya ghala,
bodi bado inanata.
Mapipa mawili yalimwagika siku ile.
Nyuki walikuja, wanasema, kama wadai.

Dereva, Mihayo Lusangija, alikalia tairi la akiba,
akaongea na viatu vyake:
"Nilikuwa naingia ghalani, mwendo wa mtu aliyebeba mayai.
Nikakanyaga breki. Pedali ikanipiga teke.
Ikatetemeka chini ya soli, ikakataa kushika."
Ofisini alisema hivyohivyo.
Mhasibu akaandika: usingizi.
Miezi minne anakatwa mshahara.

Nikachomeka mashine ya kusomea.
Ikawaza, ikajibu: hakuna kosa.
Taa ya njano haijawahi kuwaka.
Magurudumu manne, mashahidi wanne,
kwenye sitini wanakubaliana, kwenye themanini wanakubaliana,
njia yote ya Sikonge ni amani tupu.

Uongo mkubwa mashine huukamata upesi.
Waya ukikatika, watatu wanasema hamsini,
mmoja anasema sifuri,
taa inawaka, kesi imekwisha.
Uongo mdogo ndio kazi:
ule unaojificha kwenye mbio
ukajitokeza gari likitaka kusimama,
kama kigugumizi kwenye neno la mwisho.

Nikapiga jeki. Nikapima.
Nyuma kushoto, omu elfu moja na mia mbili: nzima.
Nyuma kulia, nzima.
Mbele kushoto, nzima.
Mbele kulia, nzima nayo. Nikatukana kidogo.

Sensa.
Jina moja na la wale makarani
waliopita mtaani kwetu na vishikwambi,
wakiandika namba kwa chaki milangoni.
Hii ya kwenye gurudumu nayo haijui mwendo,
haijui barabara, asali haijui.
Inakaa mahali pamoja, inahesabu meno
ya pete inayopita mbele yake,
jino, pengo, jino, pengo,
na kompyuta ndiyo inayoita hesabu hiyo mwendo.

Nyumba ya mama yangu waliiruka.
Si kwa ubaya; mlango wake unatazama reli.
Kwenye hesabu kaya ile haipo,
na mama alikuwa ndani, anachambua mchicha.

Basi nikatafuta chaki.
Nikatia alama jino la kwanza,
nikazungusha gurudumu kwa kidole, polepole.
Arobaini na saba.
Mihayo akaja kuchuchumaa.
Nikarudia kwa sauti, naye ananifuata kwa midomo.
Arobaini na saba,
na pengo moja pana kuliko wenzake,
limejaa kutu na udongo,
ungeweza kuficha humo punje ya mtama.

Ukikimbia, pengo linamezwa.
Ukinyata, sensa inafika pale, inangoja jino,
jino haliji.
Inapiga kelele: gurudumu limeganda!
Na kompyuta, kwa huruma zake, inaachia breki,
inakuokoa na utelezi ambao haupo,
inakukabidhi kwa nguzo.

Mashahidi walikuwa wazima wote wanne.
Huyu wa mbele kulia alisema alichokiona,
na alichokiona ni kweli hakikuwepo.

"Andika," Mihayo akasema.
Nikaandika nyuma ya risiti: gurudumu gani,
meno mangapi yanatakiwa, mangapi yapo.
Akataka na saa. Nikaandika na saa.
Nikagonga muhuri, ingawa wino umekauka,
siku hizi unatoa nusu ya jina langu tu: KALU.

Pete nilimng'olea. Akaifunga kwenye gazeti,
akaondoka kwa miguu kuelekea ofisini,
gari bado liko juu ya jeki.
Alisema atamwekea mhasibu mezani,
wahesabu pamoja, taratibu,
jino kwa jino.