Mpagazi Kwenye Gurudumu

Walikuja na malori matatu usiku wa Alhamisi.
Kufika Jumamosi uwanja wa Pasua ulikuwa na taa, spika,
farasi wa mbao wenye macho ya buluu
na bango: WAKUBWA ELFU MBILI, WAJAWAZITO HAPANA.

Watoto tukawapeleka Kibosho kwa bibi yao.
Tulidanganya. Tulisema tunakwenda msibani.
Mungu atusamehe, marehemu hatukumtaja jina.

Kundaeli alivaa shati la harusi ya mdogo wake,
mimi viatu vinavyobana, vile vya kukalia kiti tu,
na njia nzima alitembea hatua mbili mbele
kama yuko kazini, kama nyuma yake kuna mgeni
anayelipa kwa dola na kupumua kwa shida.
Nikamwambia: leo huna mzigo. Rudi nyuma, nishike mkono.
Akanishika. Kiganja kigumu kama gunzi.

Tukaanza na vioo.
Kimoja kilinirefusha mpaka nikafanana na shangazi Ndeonasia,
kingine kikampa mume wangu kitambi cha diwani.
Alisimama pale muda mrefu akikipapasa hewani.
"Siku moja," akasema. "Siku moja, mama."

Magari ya kugongana: nilimgonga mara tisa.
Ya kwanza ya mchezo,
ya pili ya zile fedha za bati, mwezi wa nne,
zilizobaki zilikuwa tamu tu, bila sababu.

Kwenye hema la mazingaombwe kijana mwenye koti la kung'aa
alivuta noti ya elfu tano kutoka sikioni mwa Kundaeli.
Watu wakapiga makofi. Yeye akakinga mkono:
"Imetoka kwangu, ni yangu."
Ubishi ukachukua dakika kumi,
hata njiwa akachoka kungoja zamu yake ndani ya kofia.

Kisha gurudumu.
Mtu huyu amebeba kilo ishirini kichwani mpaka Barafu
mara sitini na kitu, kwa raba zilizotoboka.
Lakini kiti kilipoachana na ardhi akafumba macho,
akaanza kusali kwa Kichagga, sala ile ndefu ya mama yake.
"Mlima," akasema, meno yamekazana, "umekaa.
Hiki kitu kinaning'inia kwa nati."
"Pole pole," nikamwambia,
kwa sauti ile ile anayowapa wageni,
"pole pole, pumua, usitazame chini."

Juu kabisa, jenereta likakohoa, likanyamaza.

Muziki ukakatika katikati ya neno.
Chini, mtu mwenye dumu alikuwa akikimbia kutafuta mafuta,
mdogo kama sisimizi mwenye hasira.
Nikauona mji wangu, kwa mara ya kwanza bila kutumwa dukani:
miwa kule kusini, kijani inayokwisha kwenye vumbi,
mnara wa msikiti, mabati ya watu,
bati letu lenye kutu
na tofali mbili za kulishikilia upepo ukija.
"Fungua macho, uone nyumba yako."
Akafungua. Hakutazama nyumba.
Wingu lilikuwa limeinuka Kibo,
theluji kidogo, kama sabuni iliyosahauliwa ukingoni mwa beseni.
Akainua kidole, kinatetemeka:
"Pale, chini ya weupe. Ndipo nililala siku aliyozaliwa Anansia.
Simu haikushika. Nilijua baada ya siku nne."
Miaka saba nilikuwa nimemwandikia siku ile kwenye deni.
Nilinyoosha kidole gumba, kikaufunika mlima wote.
Nikaufunika, nikauachia.

Jenereta likawaka. Farasi wakakumbuka walikokuwa wakienda.
Chini, kijana wa tiketi akaomba radhi,
akatupa mzunguko wa bure.
Kundaeli akamtazama kama mtu aliyeambiwa arudi Barafu bila posho.
Kisha akaona viatu vyangu, nimevivua, nimevishika,
akavichukua, akavitundika shingoni kwa mikanda yake,
mzigo hatimaye,
akaketi kwanza,
akaniachia upande wenye mlima.