Ibara ya Saba

Hati ni moja, nasi tumo wanne ndani yake.
Wakili Ssekitto yuko Kampala: kishale chekundu.
Mnunuzi yuko Nairobi: buluu.
Profesa Byaruhanga yuko ghorofa ya juu yangu, hapa hapa Mbarara:
kijani, nacho kinatetemeka,
maana kompyuta yake imestaafu kabla yake.
Mimi ni njano. Ndiyo rangi iliyobaki.

Tunaandika leseni ya programu
ndani ya programu yenyewe,
kama binti aliyeambiwa ashike taa
wakubwa wapate kujadili mahari yake.

Ibara ya pili yasema: "Kazi" maana yake ni vyote
vilivyobuniwa katika Maabara.
Nililicheka neno hilo, Kazi, kwa herufi kubwa.
Kazi ipi? Ile ya usiku, jenereta ikikohoa,
nasi tunakula rolexi baridi juu ya kibodi?
Au ile ya Kabugho?

Kabugho ni karani wa wodi ya wazazi
katika kituo cha afya kando ya mto Nyamwamba.
Ndiye wa kwanza kuijaribu.
Mtandao huko huja kama mgeni asiyevua viatu:
anachungulia, anaaga.
Siku moja akapiga simu, kwa Kiswahili chake cha migodini
alichorithi kwa baba:
"Programu yenu ina haraka.
Umeme ukikatika huku, daktari wa huko akiandika,
ukirudi nakuta langu limefutwa.
Kwa nini aliyeandika mwisho ndiye mkweli?
Au ndiyo mla ni mla leo?"

Maabara nzima ikanyamaza.
Miezi mitano tuliibomoa.
Ikajifunza kungoja.
Ikajifunza kuziweka sentensi mbili zinazogombana
ubavu kwa ubavu, bila kuamua,
hadi wenyewe waitane.
Leo mnunuzi anaiita hiyo "kipengele,"
na kwa kweli ndicho anachonunua. Mengine ni kapu la kukibebea.

Ibara ya saba: Wavumbuzi.
Majina matano, langu la nne,
na mrabaha wa asilimia tatu wa kugawana.
Naandika la sita: Kabugho Jolline.
Chekundu kinakuja, kinakula herufi kutoka nyuma,
e, n, i, l,
mpaka ukurasa unakuwa mweupe.
Pembeni anaandika: Huyu hakuandika msimbo.
Naandika tena. Anafuta.
Buluu imesimama mbali kidogo,
kama mdai aliyewakuta mke na mume wakigombana
akaona heri angoje.
Kijani hakionekani.
Nasikia tu kiti kikiburutwa juu ya dari yangu.

Sahihi ni saa kumi kamili.
Saa tisa na dakika arobaini, umeme unakatika.
Feni inapunguza mwendo, inasimama.
Betri yangu ina robo.
Naandika jina mara ya tatu, gizani,
hakuna kishale cha mtu kinachonitazama,
na mkono wangu, sijui kwa nini, unaandika polepole
kama anayeandika juu ya saruji mbichi.

Umeme ukarudi.
Programu haikumchagua wakili.
Haikunichagua na mimi, niliyeizaa.
Iliweka mistari miwili,
majina matano,
majina sita,
na chini yake maneno tuliyoitia vinywani sisi wenyewe
siku tulipochoka kuwa na akili:
Nyote mmeandika. Zungumzeni.

Saa hiyo, bondeni kule,
huenda kuna mtu anaandika uzito wa mtoto,
kilo mbili na gramu mia nane,
akihesabu kwa sauti ili asikosee,
asijue kwamba anabishaniwa.

Ngazini, viatu vya Profesa vinashuka.
Simu inaita: Ssekitto.
Naiacha iite mara mbili,
nimeze mate kwanza.