Kabla ya Safari ya Ibra

Ngoja, Thuwaini, usimkalishe Raya bado.
Gari limeshinda juani tangu adhuhuri,
hicho chuma cha mkanda ni kaa la moto.
Nipishe nikiguse mimi kwanza,
kiganja changu kimezoea mabirika.

Nyumbani nimeshamaliza.
Chetezo nimekipandisha juu ya kabati,
makaa nimeyamwagia maji,
ndoo ya bafuni nimeifudikiza,
maana mtoto hazami baharini tu,
huzama hata katika maji ya udhu.

Sasa mfunge. Kaza.
Kidole kimoja kipite, viwili visipite.
Mwache alie. Kilio hakivunji mfupa.

Unacheka?
Ati wewe nilikupakata
toka Seeb mpaka Ibra, na umekua?
Njoo kwenye kioo.
Huo unyusi wako uliokatika katikati,
ambao mkeo anasema unakupendeza,
ni ngamia aliyekata njia tulipoipita Bidbid,
ni breki ya marehemu baba yako,
ni mikono yangu hii hii
iliyoweza kupepeta gunia zima la mchele
isiweze kukuzuia wewe.
Buibui langu lililowa damu.
Miaka thelathini nawaambia watu
ulianguka ngazini.

Haya, bismillahi, twende.
Na tukifika,
kabla ya salamu, kabla ya kahawa na halua,
geuka nyuma utazame kiti.
Mlango usiufunge
mpaka umeuhisi uzito wake begani.