Kilichoandikwa Juu ya Sanduku

Jumatatu, Jumatano, Ijumaa,
kwa muda wa saa nne, damu yangu hutoka nje kutembea:
inapita mirijani, inaoshwa, inarudi.
Muuguzi Ok-jin hapendi kuona watu wakikodolea dari.
"Mzee Pyo, kitendawili."
"Tega."

"Mtu alitia usiku mfukoni,
akapanda basi la Taebaek,
akaumenya usiku, akautafuna,
na nje jua bado linawaka. Vipi?"

Mimi nilikuwa fundi wa pampu mgodini
miaka thelathini na mmoja. Najua maji yanakokwenda.
Basi limeingia handakini, nikasema. Hapana.
Mtu huyo ni kipofu. Hapana.
Jua limepatwa. Hapana,
na Bi Eom wa kitanda cha tatu akacheka
hadi mashine yake ikapiga kelele.

Bam, akasema Ok-jin. Bam ni usiku.
Na bam, ukiivuta kwa pumzi kidogo,
ni ile kokwa ya kuchoma wanayouza stesheni wakati wa baridi,
ndani ya mfuko wa gazeti.

Nilikasirika. Huu ni wizi, nikamwambia,
umeficha ufunguo ndani ya kufuli.
"Ndiyo," akajibu, akibandika plasta. "Ungeutafuta wapi kwingine?"

Tangu siku hiyo neno silipitishi bure.
Naligeuza kama vali: hili linafungukia upande gani?
Nun ni jicho. Nun, kwa pumzi ndefu, ni theluji.
Bi Eom aliponitegea mwanamke
mwenye theluji mbili usoni katikati ya Julai,
nilijibu kabla hajafunga mdomo.
Nikataka kusimama. Mirija ikanikumbusha.

Vijana hawaivuti tena pumzi hiyo.
Kwao usiku na kokwa ni sauti moja.
Na maandishi, tangu zamani, hayapumui.

Usiku wa kuamkia leo kikanijia kimoja
ambacho hakuna aliyenitegea.

Sanduku la kadibodi. Pande zote nne
zina picha ya matufaha, mekundu, yana matone ya umande;
mtoto asiyejua kusoma anajua kilichomo.
Kwa nini basi mtu ashike kalamu ya wino mzito
aandike juu yake, kwa mkono unaotetemeka,
sagwa,
tufaha?

Hutoka Yeongju kila Oktoba. Huu ni mwaka wa tisa.
Kwa mdogo wangu Deok-man, aliyebaki na shamba la baba
kwa hati ambayo sikuipiga muhuri.
Nilidhani ananikoga: tazama udongo wako unavyonizalia.
Nikawagawia majirani.
Mwaka mmoja nililiacha nje ya mlango,
yakaganda, yakayeyuka, yakaoza,
harufu yake nikaipisha kama mgeni nisiyemjua.

Saa tisa usiku niliketi kitandani.
Sagwa. Na sagwa, ukiivuta pumzi,
ni neno ambalo Deok-man hakuwahi kulitamka.
Alipovunja redio ya mama
alikwenda kulala zizini na ng'ombe siku mbili,
akarudi na kuni, akaziweka chini, akanyamaza.
Sagwa: nimekosa.
Mara tisa. Kwa wino mzito.

Huenda nimekosea. Huenda aliandika tu
ili watu wa posta wasilirushe.
Hapa hakuna Ok-jin wa kuniambia hapana.

Leo kabla ya sindano nikamuuliza naruhusiwa kiasi gani.
"Kipande kimoja. Chembamba.
Tangu lini unapenda matufaha?"

Kisha nikapiga simu Yeongju. Ikaita. Ikaita.
"Nani?"
Nikasema, ni mimi. Miaka tisa nimeshindwa.
Chukua mji, wowote unaoutaka.

Kimya.
Halafu, upande wa pili wa milima,
nikamsikia mtu akivuta pumzi.