Vichomeo Viwili

Nimepima kwa utepe wa fundi: jiko langu jipya
lina upana wa hatua moja na nusu.
Ukigeuka, umeshatoka.
Kabati mbili, droo moja yenye kiburi,
sinki ya kuogeshea paka,
na kijiko cha gesi chenye vichomeo viwili.
Mafiga hayawi mawili.
Basi la tatu ni mimi, nisimame nisiyumbe.

Miaka thelathini na mmoja nilipikia shule,
kaskazini mwa Minnesota, theluji ikipanda madirishani:
watoto mia tatu na arobaini, kila siku, saa tano na nusu.
Mikono yangu haijui kikombe, inajua ndoo.
Haijui chumvi ya kubana kwa vidole,
inajua kumimina na kusikiliza.

Leo vyombo vyangu vimelala uani, juu ya majani,
kila kimoja na bei yake shingoni.
Jirani yangu, Orrin Sather, ameleta mizani ya bafuni.
"Verna," ananiambia, "kila kilo
gari litakudai mlimani, kwa petroli."

Mwiko wangu ni mmoja, nikamjibu:
kisichofanya kazi mbili hakipandi.
Na mwiko wenyewe ukawa wa kwanza kupanda,
maana unakoroga uji
na unashikilia dirisha lisijifunge.

Sufuria moja, ambayo mfuniko wake ni kikaango.
Bakuli tatu zinazomezana.
Kisu kimoja; ile seti ya saba nimeiuza,
sita kati yao walikuwa watazamaji tu.
Mashine ya mkate, hapana.
Blenda, hapana, meno ninayo.
Chujio nililishika muda mrefu, kisha nikakumbuka
kwamba mfuniko ukiinamishwa vizuri
tambi hazina pa kukimbilia.
Birika, ndiyo, lile la mluzi.
Nitakuwa peke yangu huko;
napenda kuitwa.

Chuma cha mama mkwe, cheusi, kizito kama deni,
kilo tatu na robo. Nikakipandisha.
Nikakishusha.
Nikakipandisha tena. Orrin akatazama mizani,
akatazama mbingu, akasema, "Acha viatu."
Nikaacha viatu.

Ukabaki upawa.
Upawa wa shule, wa lita mbili,
mpini wake mrefu kama mkono wa mtoto wa darasa la sita.
Hauingii drooni. Hauingii sufuriani.
Hauna kazi mbili, na ile moja iliyokuwa nayo
wamempa kijana mwenye kofia ya karatasi.
Nikaubandika bei: dola mbili.

Mwanamke mmoja aliyevaa miwani ya jua akaunyanyua,
akaugeuza, akajitazama ndani yake, kichwa chini miguu juu.
"Huu ni wa nini?"
Nilitaka kumweleza juu ya supu ya Jumatano,
juu ya Tove mdogo aliyekuwa akirudi mara tatu
akisingizia kwamba amemwaga.
Nikamwambia, "Hauuzwi."
Orrin hakuuweka kwenye mizani. Alijikohoza tu.

Usiku wa kwanza niliegesha Dakota Kusini,
nyasi kila upande, upepo ukilisukuma gari
kama mtu anayetafuta swichi gizani.
Dengu, kitunguu, karoti moja iliyosinyaa.
Nikafungua bomba, na kwa mazoea tu
nikakinga maji kwa upawa.
Nikamimina.

Mmoja.
Sufuria ikajaa hadi ukingoni.

Nilisimama pale, upawa mtupu mkononi,
uso nimeuelekeza mlangoni,
nikingoja foleni isogee.

Ndipo, kwenye kichomeo cha pili,
birika likaita.