Malakiti

Saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa sita,
baridi ya Lubumbashi imeng'ang'ania vyuma vya lango.
Nimefika na mkoba wa dukani, buti za kuazima,
na lile bega la Machi
ambalo mfupa wake uliunga upande.

Kapya ananicheka. Ana miaka kumi na tisa,
anatafuna muwa, anatema makapi kando ya zizi.
"Mama Chansa, umerudia kweli?"
Nimerudia, nasema. Sauti inatoka nyembamba kama uzi.

Mikono hii, jamani,
huhesabu franka za soko la Kenya mpaka usiku,
matofali ya noti, bila kukosea hata mia.
Ikigusa hatamu, inasahau kazi yake yote.

Malakiti anageuza sikio moja.
Si wa kijani kama jiwe alilopewa jina;
ana rangi ya udongo wa barabara ya Kipushi
kabla ya mvua.
Ananinusa bega
kama mtu anayesoma risiti ya zamani.

Baba yangu alifanya kazi humu miaka ishirini na sita.
Alisafisha kwato, alifunga matandiko,
alijua farasi yupi ana gesi tumboni na yupi ana wivu.
Hakupanda hata mmoja.
Haikuandikwa popote kwamba ni marufuku.
Ilijulikana tu, unavyojua mlango usio wako.
Jumapili alirudi Katuba akinuka jasho la wanyama wa wengine,
nami nikimvua viatu, nikinusa,
nikitaka.

Ndiyo maana, nadhani, magoti yanatetemeka.
Watu husema ni hofu ya kuanguka.
Chini nimeshafika: kuna ladha ya vumbi,
kuna anga linalopinduka, kishindo, basi.
Mimi naogopa kuonekana huku juu.

Mguu wa kushoto kwenye kikuku.
Mara ya kwanza, narudi chini.
Mara ya pili, nasingizia mkanda.
Kapya anakaza mkanda uliokwisha kukazwa,
hasemi kitu, muwa mdomoni.
Mara ya tatu, tazama, niko.

Dunia imeshuka kidogo.
Naona ng'ambo ya ukuta: kichuguu kirefu kuliko nyumba,
bomba la kiwanda, mlima mweusi wa masalia ya shaba,
mabati ya watu ambao bado wamelala.

"Usimukamate nguvu vile. Pumua.
Anasikiaka kila kitu kupitia matako yako."
Nacheka. Kicheko kinashuka tumboni, kinafika kwenye tandiko,
na Malakiti anainamisha kichwa,
anapuliza pua, brrr,
kana kwamba naye alikuwa ameishikilia pumzi.

Tunazunguka uwanja. Tunatoka nje ya lango.
Na hapo, wenye baiskeli za makala,
magunia matatu matatu, turubai la buluu likipigwa na upepo.
Ni lile lile la Machi, au ndugu yake.
Chini yangu mgongo unakuwa ubao.
Moyo wake naupata kwenye vigimbi vyangu,
unadunda kuliko wangu.
Kumbe siku ile tulikuwa waoga wawili,
kila mmoja akimngoja mwenzake awe jasiri.

Basi nahesabu, ndiyo kazi yangu,
kwa sauti, kama niko mezani dukani:
mia, mia mbili, mia tatu, mia nne,
nalegeza kidole kimoja, kisha cha pili.
Turubai linapita.
Mwenye makala anasema, "Jambo, Mama,"
bila kushangaa hata kidogo.

Mia tano.
Hofu ipo. Imekaa nyuma yangu,
imenishika kiuno kama abiria mzito,
lakini hatamu haiko mikononi mwake.

Kapya anatupa kipande cha muwa.
"Tujaribu telki?"
"Kesho," nasema.
Halafu, kabla hajageuka:
"Hapana. Mpaka kwenye kile kichuguu."