Mizani ya Mzinga wa Tano

Jernej ameituma kwa posta kutoka Maribor,
ndani ya boksi la viatu vyake vya zamani:
bamba la chuma la kulaza chini ya mzinga,
vitufe viwili, taa moja,
na kidirisha chenye upana wa ukucha
kisichoweza kuonyesha zaidi ya herufi moja.
"Iunge tu na waifai, mama," alisema kwenye simu,
kama mtu asemaye, funga mlango.

Zalka amepiga magoti kwenye nyasi zilizolowa,
miwani puani, maelekezo chini ya kiatu yasipeperuke.
Kitufe cha kushoto: songa mbele.
Kitufe cha kulia: nimekubali.
Cha kurudi nyuma hakipo.
Ukiipita herufi, umeipita;
zunguka tena alfabeti nzima, na tarakimu zake,
hadi irudi mbele yako kama mgeni aliyesahau mwavuli.

Na neno la siri aliliweka Drejc,
Drejc ambaye tangu Januari yuko kule juu, nyuma ya kanisa,
na hakuliandika popote.
Si kwenye kalenda ya chama cha wafuga nyuki,
si ndani ya mlango wa kabati,
si mgongoni mwa ruta, ambapo alibandika
stika ya tufaha, basi.

Akaanza na jina lake mwenyewe.
Nani asingeanza hapo?
Z: mibonyezo ishirini na mitano
kabla hata hajaanza kuitwa.
Akakubali. Kidirisha kikarudi kwenye a
kana kwamba hakijasikia kitu.
Kisha a. Kisha l. Kisha k, ambayo vidole vya baridi viliipita,
akaifuata kwa kuizunguka dunia yote.
Kisha a.
Taa ikawaza.
Nyekundu, mara tatu.

Miaka arobaini na mmoja ya ndoa:
nyekundu, mara tatu.

Akajaribu la Jernej. Akajaribu la Metka, binti yao.
Akajaribu mwaka ule asali ilipojaa hadi kwenye ndoo za kuogea.
Juu ya skafu yake nyuki walipita
wakienda kwenye mierebi, wakirudi na chavua miguuni,
na mlinzi mlangoni akiwanusa tu na kuwapisha.

Januari alikuja hapa bila kifaa,
kwa kifundo cha kidole.
Aligonga kila mzinga mara tatu,
kama ifanywavyo huku mwenye nyuki akifa,
akasema: Drejc hayupo. Sasa ni mimi.
Ndani kukavuma, kukatulia.
Hawakumwambia arudie.

Jua lilipokuwa limebakiza paa la kanisa tu,
akamkumbuka Sultan,
yule mbwa wa sikio moja aliyemng'ata tarishi,
ambaye Drejc alimlilia
kuliko alivyomlilia mama yake mzazi.
s. u. l. t. a. n.
Akaongeza mwaka wa kuzaliwa, wa mbwa, si wake.
Taa ikasita
muda mrefu kuliko kawaida yake,
halafu ikawa kijani.

"Mbwa!" alisema Zalka. "Drejc, mbwa!"
Akacheka hadi miwani ikamdondoka,
na alipokuwa akiipapasa nyasini
kicheko kikawa kitu kingine, kisha kikawa kicheko tena.

Akauegemea mzinga ili ainuke,
magoti yakilalamika,
kiganja chote juu ya kifuniko.
Chini ya bati palikuwa na uvuguvugu
kama wa mkate uliotolewa jikoni muda kidogo uliopita.
Akabaki hapo.

Simu ikalia mfukoni mwa aproni.
"Mama, imeungana! Naiona!
Ila kuna kasoro, mzinga wa tano
umeongezeka kilo sita ghafla."

"Najua," alisema,
na mkono hakuuondoa.